Mchezo wa Kubuni Maana na Suala la Mwenye Neno

Katika makala haya tunakusudia kuuhakiki mchezo mmoja wa maneno kwa namna ile ile ambayo mhakiki huhakiki shairi au hadithi. Mchezo wenyewe ni rahisi. Wachezaji huketi pamoja, watano au sita, na mmoja wao hufungua kamusi akachagua neno ambalo hapana mwenzake alijuaye. Hulitamka neno hilo, pengine huliandika ubaoni, lakini maana yake huificha. Kila mchezaji hubuni maana yake mwenyewe na kuiandika katika kipande cha karatasi kwa lugha ya kikamusi, naye mwenye kamusi huandika maana ya kweli katika kipande kama hicho. Vipande vyote huchanganywa na kusomwa kwa sauti, wala asijulikane nani kaandika kipi. Kisha kila mtu hutaja maana anayoiamini. Anayeiotea ile ya kweli hupata alama. Lakini anayeshinda aghalabu ni yule ambaye uongo wake umeaminiwa na wengi.

Mchezo huu unachezwa pia na watu wa mataifa mengine. Huko Uingereza shirika la utangazaji la BBC lilianza mwaka 1965 kuonyesha katika televisheni shindano ambalo ndani yake neno moja lilipewa maana tatu, mbili za uongo na moja ya kweli. Na huko Kanada mwaka 1984 mchezo wa namna hiyo ulitiwa ndani ya sanduku ukauzwa madukani kwa jina la Balderdash. Hatuna ugomvi na asili yake. Mpira wa miguu nao ulitufikia kwa meli, na leo hakuna kijiji kisichokuwa na kiwanja. Swali letu ni hili: mchezo wa namna hii unapoingia katika lugha zetu, ambazo nyingine zina kamusi na nyingine hazina ila vinywa vya wazee, unakutana na nini?

Sisi tuliuona ukichezwa Msimbu. Hii ni kata iliyoko katika Wilaya ya Kisarawe, Mkoa wa Pwani, upande wa pili wa vilima vya Pugu kwa mtu atokaye Dar es Salaam. Ni nchi ya Wazaramo, nchi ya mihogo, mikorosho na minazi, iliyo karibu mno na jiji hata vijana wake huzungumza Kiswahili cha jiji tangu wakingali wadogo. Wachezaji walikuwa wanafunzi sita wa sekondari waliokuwa katika likizo, pamoja na mwalimu wao mmoja. Walikuwa wameketi chini ya mkorosho na Kamusi ya Kiswahili Sanifu iliyochakaa jalada. Kando yao alikuwapo bibi mmoja akimenya mihogo. Walipofika walimwamkia shikamoo, akawaitikia marahaba, kisha wakamsahau.

Neno la kwanza lililotoka lilikuwa *mtondogoo*. Mmoja wao alishika kamusi, watano wakabaki kubuni. Wanne tu ndio waliowahi kabla ya mwalimu kukusanya karatasi. Tunazitoa maana zote tano kama zilivyosomwa, kwa sababu ndizo matini tunayoihakiki:

Mti wa pwani ambao mbegu zake hukamuliwa mafuta ya taa.

Mtu atembeaye polepole kwa uzee au kwa uvivu.

Ugonjwa wa kuku unaowafanya wainamishe vichwa.

Siku ya nne baada ya leo.

Ngoma kubwa ipigwayo mara moja tu, nayo ni siku ya kufa mtu mashuhuri.

Msomaji asiyelijua neno hili na achague kabla hatujaendelea. Aliyeandika maana ya kwanza alikuwa amewahi kusikia habari za mtondoo, mti wa kweli wa pwani ambao mbegu zake kweli hutoa mafuta. Akauvuta ule ukweli hatua mbili kando, akapata uongo wenye mizizi. Wa pili alitegemea kiambishi cha kwanza. Alijua kwamba neno lianzalo na *m-* huweza kuwa jina la mtu, na katika *-goo* akasikia mwendo wa jongoo. Huu ni uongo wa mtu mwenye sikio. Wa tatu alitoka katika nyumba ya wafugaji wa kuku, kwa sababu mdondo ni jina la ugonjwa uitwao pia kideri, unaomaliza mabanda kwa siku chache. Alibadili sauti moja na nusu, akatega. Maana ya tano ndiyo iliyo nzuri kuliko zote kwa masikio ya mshairi, na ndiyo iliyoanguka vibaya kuliko zote katika mchezo. Hapana aliyeiamini. Sababu yake ni kwamba ilikuwa na huzuni kupita kiasi cha kamusi. Mtunga kamusi hana nafasi ya kulia. Mwanafunzi huyu alikuwa amesahau kwamba anatunga maelezo, akaanza kutunga hadithi.

Ukweli ulikuwa katika maana ya nne, na maana ya nne nayo haikupata hata kura moja. Vijana walisema kwamba ilikuwa kavu mno, tena haielekei kwamba Waswahili wangeisumbukia siku ya nne kwa kuipa jina lake peke yake. Hapo ndipo bibi aliyekuwa akimenya mihogo aliposimamisha kisu akacheka. "Mimi mtondogoo nakwenda Mzenga kwenye arobaini," alisema, "na mama yenu anajua." Kisha akawahesabia kwa vidole: leo, kesho, kesho kutwa, mtondo, mtondogoo.

Tunaliona tukio hili dogo kuwa ni kiini cha jambo lote. Neno lililochaguliwa kwa kuwa ni gumu lilikuwa likitumika hatua tatu kutoka pale walipoketi, na kwa mtumiaji wake halikuwa na ugumu wowote. Kwa hiyo tunaposema kwamba neno ni la nadra, hatuna budi kusema pia kwamba ni la nadra kwa nani. Kamusi haimwambii mwanafunzi jambo hilo. Inayapanga maneno yote katika mistari iliyo sawa, la sokoni na la kaburini, na yule afunguaye ukurasa hawezi kujua kwamba neno alilodhani ni maiti lilipita mdomoni mwa nyanya yake asubuhi ile.

Lakini tusikimbilie kuulaumu mchezo. Kwanza yafaa tuseme kwamba una faida ambayo mitihani yetu haijaifikia. Uongo wa kubahatisha hauaminiwi. Uongo unaoaminiwa hutii sheria za lugha. Anayeunda maana ya neno lianzalo na *ki-* hujikuta akifikiria kitu kidogo, au chombo, au lugha, au namna ya kutenda. Anayepewa neno lianzalo na *u-* huelekea kwenye hali na sifa. Akipewa kitenzi chenye *-uka* au *-ua* mwishoni, hutafuta tendo linalofumuka au kutanguka, kama fumbuka na fungua. Hakuna aliyewaambia wafanye hivyo siku hiyo. Mwalimu anayesoma vipande vile vya karatasi anaona ngeli na minyambuliko ikifanya kazi katika vichwa vya wanafunzi wake, mahali ambapo katika mtihani huona majedwali yaliyokaririwa tu. Na lugha ya kikamusi yenyewe, ufupi wake, ule uzito wa kutotumia neno la ziada, vijana hujifunza kwa kuiiga ili wadanganye. Hatujui zoezi la ufupisho lililo bora kuliko hili.

Tena mchezo huu humfundisha mtu kwamba ukweli hauna sura maalumu. Baada ya mtondogoo lilikuja neno *kifauongo*. Maana iliyosomwa kutoka katika kamusi, ya kwamba ni mmea ambao majani yake hujikunja yaguswapo kana kwamba umekufa, ilipokelewa kwa kicheko. Wote wakaamini kwamba ni utani wa yule mcheshi wa kundi. Mmea huo huenda walikuwa wamekwisha ukanyaga mara nyingi njiani. Likaja *dungu*, nalo halikufika hata kwenye karatasi, kwa sababu watatu kati yao walikuwa wamelala juu ya dungu wakilinda mahindi yasiliwe na nyani na nguruwe, wakapiga kelele kwamba neno hilo si la mchezo. Mmoja tu, aliyekulia Dar es Salaam, ndiye aliyebaki na kalamu mkononi.

Sasa tuulinganishe mchezo huu na ndugu yake mkubwa aliyemtangulia katika nchi hii, yaani kitendawili. Kwa juu juu vinafanana: kuna anayejua na wasiojua, kuna kufichwa kwa maana, kuna aibu kidogo ya kushindwa. Tofauti yake iko ndani. Katika kitendawili kitu chenyewe kinajulikana na wote, yai, giza, nanasi, na maneno ndiyo yanayokiziba uso. Katika kubuni maana neno liko wazi mbele ya wote, na kitu ndicho kilichopotea. Kitendawili humrudisha mtu kwenye kitu alichokizoea ili akione upya. Mchezo wa kubuni maana humpeleka kwenye neno asilolijua na kumruhusu alivike nguo yoyote.

Lipo jambo la pili, nalo kwa maoni yetu ni kubwa zaidi. Anayesema "Kitendawili!" na kuitikiwa "Tega!" ameingia katika mkataba. Wenzake wakishindwa, anawaambia, "Nipeni mji." Wanampa mji, Bagamoyo au Unguja au Tabora, naye husafiri kwa maneno, akafika, akala, akanywa, akastarehe, na akirudi analifumbua fumbo. Walioshindwa wamelipa, na malipo hayo yamewapa haki ya kuambiwa. Mtegaji asiyelifumbua fumbo lake baada ya kupewa mji haonekani mjuzi, anaonekana mwizi. Kwa hiyo uongo wa kitendawili una mwisho uliokwisha wekwa tangu mwanzo. Wazee wetu waliruhusu kudanganyana kwa saa nzima ya usiku kwa sharti kwamba mtu asilale na uongo.

Katika nchi ya Wazaramo palikuwa pia na shule nyingine ya maana zilizofichwa, nayo ni unyago. Mwali aliyewekwa ndani alifundishwa na kungwi mizungu, yaani mafunzo yaliyofungwa ndani ya nyimbo, ishara na maneno ambayo kwa mpita njia yalikuwa na maana moja na kwa mwali yakawa na nyingine. Mkole, kwa mfano, ni mti ambao mtu yeyote anaweza kuuonyesha kwa kidole. Lakini kwa Wazaramo ni jina pia la sherehe ya mwali, na ndani ya jina hilo mna elimu ya uzazi ambayo kidole hakiwezi kuionyesha. Marja-Liisa Swantz, mtafiti kutoka Finland aliyeishi miongoni mwa Wazaramo wa pwani, alichapisha mwaka 1970 kitabu kizima juu ya ibada na ishara zao, na humo alionyesha jinsi ishara hizo zilivyoshikamana zenyewe kwa zenyewe. Hatusemi kwamba kila kilichofundishwa ndani kilifaa. Tunachosema ni kwamba maana ilikuwa na mlinzi, na mlinzi huyo alijulikana kwa jina na kwa nyumba. Aliyekuwa nje angeweza kubuni atakavyo. Uongo wake haukuweza kumdhuru mwali, kwa sababu mwali alikuwa na wa kumwuliza.

Kitendawili kina mtegaji, mizungu ina kungwi, na mchezo wa kubuni maana una kamusi. Katika kila mmoja yupo au kipo chenye neno la mwisho. Mashaka yetu yanaanzia pale ambapo mchezo unachezwa na mwenye neno hayupo.

Na huo ni mchezo tunaoucheza kila siku bila kuuita mchezo. Chukua majina ya mahali. Jina la Bagamoyo limekuwa likielezwa kwa kizazi baada ya kizazi kuwa linatokana na kubwaga moyo. Wengine husema ni wapagazi wa bara waliobwaga moyo kwa furaha ya kufika pwani na kutua mizigo yao. Wengine husema ni watumwa waliobwaga moyo kwa kukata tamaa mbele ya bahari. Maelezo hayo mawili yanatumia maneno yale yale na yanapingana kama usiku na mchana. Kila moja lingepata kura nyingi chini ya mkorosho wa Msimbu. Chukua tena Kariakoo. Mtu akikuambia kwamba jina la soko kubwa la Dar es Salaam limetokana na kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza kilichoitwa Carrier Corps, ambacho kilipiga kambi mahali hapo baada ya mji kutekwa mwaka 1916, utadhani ni mcheshi mwingine wa kundi. Kumbe hiyo ndiyo maana ya kweli. Lakini neno machinga, ambalo lina Wamachinga wa Lindi nyuma yake, watu wazima na wasomi wamekuwa wakilieleza kwa kuunganisha maneno mawili ya Kiingereza yenye maana ya vijana watembeao, na uongo huo ni mtamu kiasi kwamba kuukanusha barazani ni kujitafutia uadui.

Sisi wenyewe hatukusalimika. Tulipokuwa njiani kwenda Msimbu tulianza kuundiana maana ya jina hilo kutokana na neno msimbo, ambalo ni lakabu au alama ya siri, na tulipofika tulikuwa karibu kuamini kwamba hapo zamani palikuwa mahali pa watu wenye majina ya kupanga. Maana hiyo haina shahidi hata mmoja. Tuliitunga kati ya vilima viwili kwa kuwa masikio yetu yalipenda mlio wake. Laiti tungaliichapa katika kitabu cha mafunzo, mwaka wa tatu baadaye ingekuwa jibu la swali la mtihani.

Yuko atakayesema kwamba kamusi ndizo dawa ya maradhi haya. Ni kweli kwa sehemu. Kiswahili kimebahatika. Krapf alikiandikia kamusi iliyotolewa mwaka 1882. Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka 1930 ilitoa chini ya Frederick Johnson kamusi ya mwaka 1939. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ikatoa Kamusi ya Kiswahili Sanifu mwaka 1981, iliyotungwa kwa Kiswahili chenyewe bila kumtegemea Mwingereza kama mkalimani. Nalo Baraza la Kiswahili la Taifa likaongeza kamusi yake kuu mwaka 2015. Anayebuni maana ya neno la Kiswahili leo anaweza kuumbuliwa kabla chai haijapoa. Hata hivyo kamusi nazo ni kazi ya mikono. Mwaka 1934 kamusi kubwa ya Webster ya Marekani ilichapa neno *dord* na kulieleza kuwa ni densiti, neno la fizikia. Neno hilo halikuwahi kutamkwa na mtu. Lilitokana na kipande cha karatasi kilichosema kwamba D kubwa au d ndogo ni kifupisho cha densiti. Karatasi hiyo ikawekwa katika bunda lisilokuwa lake, na miaka mitano ikapita kabla mhariri hajagundua. Zaidi ya hapo, wahariri wa kamusi moja ya Oxford iliyotolewa Marekani mwaka 2001 walitia kwa makusudi neno la uongo, *esquivalience*, pamoja na maana yake ya uongo, ili wawanase wale watakaoinakili kazi yao. Ndiyo kusema kwamba hata mwamuzi wa mchezo aliwahi kushika kalamu akacheza. Jambo linalotupa moyo ni kwamba makosa haya yaligunduliwa na siri ile ikafichuka, kwa sababu lugha hiyo ina wasomaji wengi, vitabu vingi, na watu wanaolipwa mshahara kwa kazi ya kutilia shaka.

Kizaramo kina nini? Ni lugha ya ukoo mmoja na Kiluguru, Kikwere na Kikami, iliyozungumzwa mlangoni mwa jiji kubwa kuliko yote nchini, na mlango huo ndio ulioichosha. Kiswahili hakikuiingilia Msimbu kwa nguvu. Kiliingia kwa basi, kwa shule, kwa redio na kwa ndoa. Mwaka 2009 Mradi wa Lugha za Tanzania wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa atlasi inayoonyesha lugha zetu na mahali zinapozungumzwa, kazi ya maana sana. Lakini atlasi hukuonyesha mahali pa kwenda. Haikuambii neno gani la Kizaramo lilitumika kwa ule ukungu wa asubuhi juu ya mihogo. Hilo yuko anayelijua, naye amekaa kando akimenya.

Ipo mifano ya neno la lugha ndogo kuvuka salama. Mwaka 1985 Mwalimu Nyerere alipoacha urais, taifa zima lilijifunza neno *kung'atuka*, kutoka katika Kizanaki, lenye maana ya wazee kuacha madaraka kwa hiari na kuwaachia walio wadogo wao. Fikiri kama neno hilo lingalitolewa katika mchezo wetu bila mwenyewe kuwapo. Kijana hodari wa sarufi angesema mara moja kwamba linatokana na kung'ata, na kwamba kwa kuwa *-uka* hutangua tendo, basi kung'atuka ni kuachia kitu ulichokuwa umekiuma. Sarufi yake isingekuwa na kosa. Hata maana yake isingekuwa mbali na siasa, maana wako viongozi ambao madaraka huyashika kwa meno. Lakini ingekuwa maana ya kubuni, na ile habari ya marika na heshima iliyomo ndani ya neno la Kizanaki ingepotea kabisa. Ilisalimika kwa kuwa aliyelileta neno alikuwa hai, alikuwa na sauti, na alijua limetoka wapi.

Baadhi ya walimu tuliozungumza nao wanaupinga mchezo huu kwa hoja kwamba unawazoeza watoto kusema uongo. Hoja hiyo hatuikubali. Kwa kipimo hicho tungefuta na hadithi za sungura. Hoja yetu ni nyembamba zaidi. Uongo wa mchezo hauna madhara madhali umekaa mdomoni, ambako mwenye neno anaweza kuufuta kwa kicheko. Unapoandikwa hubadilika tabia. Maandishi hayacheki. Maana ya kubuni iliyoandikwa vizuri hukaa karibu na maana ya kweli kwa mwandiko ule ule na wino ule ule, na atakayeisoma miaka thelathini baadaye hana wa kumwuliza nani alikuwa akicheza.

Jambo hilo tuliliona kwa macho kabla ya magharibi ile kuingia. Vijana walipochoka na kamusi, msichana mmoja alimwomba bibi awape neno la Kizaramo. Bibi akawapa. Neno lenyewe hatuliandiki hapa, kwa kuwa kila mmoja wetu alilisikia kwa namna yake, na kulichapa kwa tahajia ya kubahatisha kungekuwa kuongeza uongo juu ya uongo. Safari hii hapakuwa na vipande vya karatasi vilivyobaki, basi msichana akayaandika mabuni yote katika daftari lake, yake na ya wenzake watano. Mmoja alisema ni kifaa cha kutegea ndege, mwingine akasema ni aibu ya mkwe, mwingine mvua isiyolowesha. Bibi aliyasikiliza yote kwa furaha kubwa, hata hilo la mvua akalisifu. Kisha akasema, "Nipeni mji." Wakampa Kibaha. Akasema alikwenda Kibaha, akakaribishwa wali kwa nazi, akalala mchana, akarudi na gari la jioni, akawaambia maana. Wakashangilia, msichana akaiandika, na bibi akanyanyua ungo wake wa mihogo akaenda zake.

Mwalimu akaliomba daftari. Chini ya neno lile palikuwa na mistari saba ya mwandiko mmoja, bila tarakimu, bila alama. Akatoa kalamu nyekundu mfukoni akauliza ni upi kati yake. Msichana akaonyesha mstari wa mwisho. Mvulana aliyeketi karibu naye akasema kwamba la, wa mwisho ni wake yeye, aliuongeza baadaye wakati bibi yuko Kibaha. Ule wa bibi ni wa tano. Mwingine akasema ni wa sita. Mwalimu akabaki ameishika kalamu hewani. Msichana akalichukua daftari mkononi mwake, akavaa ndala, akamfuata bibi mbio kwenye njia ya mikorosho.